Kabla ya Kushika Sindano, Angalia Hori: Kwa Nini Madume Yetu Yanavimbiwa

 

Leo sitaongelea chanjo wala bei ya soko. Nataka tuongee kuhusu tumbo, hasa tumbo la ng'ombe wa kunenepesha, kwa sababu vijana wengi siku hizi mmeingia kwenye kazi hii ya kununua madume yaliyokonda mnadani, kuyalisha miezi mitatu na kuyauza yakiwa na nyama. Ni biashara nzuri. Naiunga mkono. Lakini kuna jambo moja linawala pesa kimyakimya na nimechoka kuliona.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: matatizo mengi ya tumbo ninayoitiwa kwenye mabanda ya vijana hayaanzi na ugonjwa. Yanaanza kwenye hori. Sisi wenyewe ndio tunaoyatengeneza kwa pupa ya kulisha, halafu tunakimbilia duka la dawa kununua sindano ambayo hapo haina kazi. Ukinielewa hapa, nusu ya hasara zako za tumbo umeshazikwepa.

Tumbo la ng'ombe si gunia

Kijana akinunua dume lililokonda, anachofikiria ni kujaza. Kadiri ninavyomwaga pumba, ndivyo atakavyonenepa haraka. Jamani, tumbo la ng'ombe si gunia la kujaza. Ni kama pipa la pombe ya kienyeji: kuna vitu hai ndani vinafanya kazi ya kuchachua, na ukivikosea mpangilio, pipa zima linaharibika.

Ng'ombe ana matumbo manne. Hata muuza supu analijua hilo, maana anakuuliza kama unataka taulo au kitabu. Lile taulo ndilo tumbo kuu, liko upande wa kushoto, na kwa ng'ombe mkubwa linaweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo ndani kuna mabilioni ya vijidudu. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kusaga nyasi zikawa chakula. Vijidudu ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, halafu ng'ombe anaishi kwa kile vinachotengeneza. Kwa hiyo wewe hulishi ng'ombe. Unalisha vijidudu, navyo vinamlisha ng'ombe.

Sasa, vijidudu hivyo ni vya makabila tofauti. Kuna vya kumeng'enya nyasi na kuna vya kumeng'enya wanga. Dume lililotoka porini, lililoishi kwa nyasi kavu mwaka mzima, lina jeshi kubwa la vijidudu vya nyasi na vichache tu vya wanga. Kubadilisha jeshi hilo kunahitaji wiki mbili hadi tatu. Siyo siku mbili.

Kitu kingine ni mate. Ng'ombe anapocheua, anatoa mate mengi sana, na mate hayo yana magadi ya asili yanayopunguza ukali wa tindikali tumboni. Ng'ombe mkubwa anaweza kutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku. Lakini ili acheue, lazima apate nyasi ndefu zinazokwaruza tumbo. Pumba haichewi, inamezwa. Ukimpa pumba tupu umemnyima kucheua, na ukimnyima kucheua umemnyima dawa yake mwenyewe ya tumbo.

Kinachotokea ukimwaga pumba siku ya kwanza

Wewe mwenyewe umetoka safari ya siku mbili hujala, unafika nyumbani unapigwa na sahani ya michembe iliyojaa mpaka juu na maziwa mgando nusu lita. Usiku hulali. Basi ng'ombe ni zaidi ya hapo.

Wanga ukiingia mwingi kwa ghafla, vijidudu vya wanga vinazaliana kwa kasi na kutoa tindikali. Kwa kawaida kipimo cha tindikali cha tumbo kuu kinakuwa kati ya 6 na 7. Kikishuka chini ya 5.5, vijidudu vya nyasi vinaanza kufa. Kikifika 5 au chini yake, wanaobaki ni wale wa tindikali kali peke yao, na wao wanazidi kuitengeneza. Tumbo linaacha kutikisika. Maji yanavutwa kutoka mwilini kuingia tumboni, kwa hiyo ukiligusa linachezacheza kama dumu la maji, huku mnyama mwenyewe amekauka na macho yameingia ndani. Anaharisha kinyesi chepesi cha rangi ya kijivu, chenye mapovu na chembe za mahindi zisizosagika. Anatembea kama mlevi. Hali ikiwa kali, anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Na yule asiyekufa usidhani umepona naye. Tindikali ile inachubua ukuta wa tumbo, vijidudu vinapenya kwenye damu na kwenda kutengeneza majipu kwenye ini. Wengine kwato zinauma, wanasimama kwa shida, hawaendi horini. Unalisha miezi mitatu, dume liko palepale. Kijana anakuja kuniambia, "Kaka, huyu ng'ombe ana mkosi." Hana mkosi, alivimbiwa wiki ya kwanza.

Gesi: aina mbili, matibabu mawili

Tatizo la pili ni kujaa gesi. Ng'ombe mzima anatoa gesi muda wote kwa kubeua. Ikishindikana kubeua, tumbo linavimba upande wa kushoto, linakandamiza mapafu, na mnyama anakufa kwa kukosa pumzi. Linaweza kwenda haraka, saa chache tu.

Wengi hawajui kwamba gesi hii iko ya aina mbili.

Ya kwanza ni gesi ya povu. Hii inaletwa na majani mabichi laini ya jamii ya mikunde, kama lusini, yakiliwa mengi kwa njaa, hasa yakiwa na umande. Hata mlo wa pumba laini sana unaweza kuileta. Gesi inanaswa ndani ya povu, kama povu la sabuni, haitoki hata ukipitisha mpira mdomoni. Hapa kinachosaidia ni mafuta ya kula, kiasi cha robo lita kwa dume, yanywe taratibu kichwa kikiwa sawa, usikiinue juu sana yasiende mapafuni. Mafuta yanavunja povu.

Ya pili ni gesi huru. Hii mara nyingi ni kwamba njia imeziba. Kwetu huku msimu wa maembe, mwishoni mwa mwaka, nakutana nayo sana: ng'ombe amemeza kokwa la embe, au kipande cha muhogo, au kibunzi cha mahindi, kimekaa kooni. Mate yanadondoka, shingo imenyooshwa, tumbo linapanda. Hapa hata umnyweshe mafuta ya duka zima hayatapita. Anahitaji mtaalamu wa kutoa kile kilichokwama au kupitisha mpira wa tumbo.

Wakati unasubiri, msimamishe sehemu ya mlima, miguu ya mbele iwe juu. Mfunge kijiti mdomoni kwa kukingamisha, kama lijamu ya punda, ili atafune na kutoa mate. Mtembeze polepole. Usimwache alale.

Na tafadhali, habari ya kumchoma kisu ubavuni iache. Kuna kifaa maalumu cha kutobolea na kuna mahali pake hasa, na ni hatua ya mwisho kabisa mnyama anapokata roho. Nimeona dume lililopona gesi likafa wiki moja baadaye kwa usaha wa tumbo, kwa sababu ya kisu cha jikoni.

Madume manane

Ngoja niwape mfano mmoja, majina nayaacha.

Kikundi cha vijana watano walipata mkopo, wakanunua madume manane mnadani. Yalifika jioni yakiwa yametembea na kusafirishwa, hayajala vizuri siku mbili. Vijana walikuwa wamejiandaa kwa pumba za mahindi magunia mengi na mashudu ya pamba. Nyasi kulikuwa na mzigo mmoja tu wa baiskeli. Usiku uleule wakajaza mahori. Kesho yake wakajaza tena. Wakafurahi, madume yanakula balaa!

Siku ya tatu asubuhi mawili hayakusogea horini. Wakanunua sindano ya antibayotiki, wakachoma yote manane, kila mmoja kwa kukadiria. Jioni moja likalala. Ndipo wakanipigia. Nilipofika, moja lilikuwa limeshakufa, jingine liko chini, manne yanaharisha. Horini bado kulikuwa na pumba, maana walisema "tusiwapunguzie, watakonda."

Tuliondoa pumba zote, tukatafuta nyasi kavu kwa majirani, na daktari wa mifugo akaja kuwaongezea maji na kupunguza tindikali. Lile lililolala halikuamka. Sita yalibaki hai, lakini yalichukua mwezi mzima ndipo yaanze kula kama ng'ombe.

Sasa piga hesabu na mimi. Chukulia dume moja umenunua kwa shilingi 700,000, na ukiuza unabakiwa na faida ya 120,000 baada ya kutoa chakula na dawa. Likifa moja, imeondoka 700,000, na chakula ulichokwisha kulilisha. Hiyo ni karibu faida ya madume sita. Maana yake kikundi chenye madume manane kikipoteza mawili, kinakuwa kimefanya kazi miezi mitatu kulipa hasara tu, na bado deni halijatoka. Wale vijana hawakukosa juhudi. Walikosa nyasi na wiki tatu za subira.

Sindano siyo jibu

Najua kwa nini tunakimbilia sindano. Inaonekana kama umefanya kitu. Chupa ya antibayotiki iko kila duka la pembejeo, na muuzaji hakuulizi swali. Lakini fikiria: mnyama aliyeshiba wanga kupita kiasi ana tindikali, na sindano ile haipunguzi tindikali. Mnyama mwenye kokwa la embe kooni ana kizuizi, na sindano haiondoi kokwa. Ukimnywesha antibayotiki mdomoni ndiyo mbaya zaidi, unaua hao vijidudu wachache waliobaki wa kumsagia nyasi.

Siyo kwamba antibayotiki haina nafasi. Daktari anaweza kuitumia kwa sababu maalumu, akijua anachotibu. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 haikutungwa kuwasumbua wafugaji. Ilitungwa kwa sababu kutibu ni kazi yenye madhara ukikosea. Sisi maafisa ugani wenyewe tuna mipaka yetu, kuna mahali tunasema hapa aitwe daktari.

Na kuna kubwa zaidi. Mnyama akizidiwa baada ya sindano, vijana wanafanya nini? Wanamchinja haraka, nyama inaenda mtaani. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla nyama haijaliwa, zimeandikwa kwenye lebo, nyingine ni wiki kadhaa. Ile nyama ina dawa. Anayeila ni mtoto wa jirani yako, na vijidudu vinavyozoea dawa kidogo kidogo ndivyo vitakavyomkataa kesho hospitalini.

Halafu hili lisikie vizuri: ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo limevimba haraka, damu nyeusi inatoka puani, mdomoni au nyuma na haigandi, USIMFUNGUE. Huyo anaweza kuwa na kimeta, siyo gesi. Kimeta kinaua watu. Usichinje, usichune, usigawe nyama. Zuia mbwa na watoto, ita daktari wa mifugo. Hasara ya dume moja inauma lakini inahimilika.

"Lakini bwana mifugo, nyasi ni ghali"

Hoja hii naisikia kila wiki, na siidharau. Wengi wetu hapa mjini tunafuga kwenye kiwanja, hatuna eneo la malisho. Gunia la pumba unalipata kwa bodaboda, nyasi hazipatikani dukani. Wengine wananiambia, "Mbona wazee walifuga ng'ombe mamia bila haya masomo yako ya tindikali?"

Sawa, tuwaulize wazee. Msukuma alikuwa na ngitili. Eneo linafungwa mwanzoni mwa mvua, hakuna kuchunga, nyasi zinakua zinasimama mpaka kiangazi, ndipo ndama, wagonjwa na maksai wanaingizwa humo. Ngitili iliheshimiwa na kijiji kizima. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sababu ulirudi kwenye desturi hiyohiyo badala ya kuleta kitu kigeni. Mzee hakujua namba ya tindikali, lakini alijua jambo la msingi: nyasi za kiangazi zinawekwa kabla ya kiangazi. Sisi wasomi wa simu ndio tunanunua ng'ombe kwanza, halafu tunauliza atakula nini.

Na nyasi kavu zipo, tunazichoma moto. Baada ya mavuno ya mpunga nenda Magu, Misungwi au Kwimba uone majani ya mpunga yanavyoungua mashambani. Mabua ya mahindi na mtama vilevile. Ongea na mkulima kabla hajavuna, kusanya, kausha, funga robota hata kwa kutumia boksi la mbao, hifadhi juu ya vichanja mvua isifike. Majani ya mpunga hayana lishe kubwa, ni kweli, lakini kazi yake kubwa kwenye unenepeshaji ni kumfanya ng'ombe acheue. Lishe utaiongeza kwa mashudu. Huku kanda ya pamba tumejaliwa mashudu, watu wa mikoa mingine wanayafuata kwetu.

Angalizo moja: mashudu ya pamba yana sumu ya asili inayoitwa gosipoli. Ng'ombe mkubwa anaimudu kwa kiasi, kwa sababu ya vijidudu vyake. Ndama mdogo, nguruwe na kuku hawaimudu. Usichukue ndoo ya banda la madume ukapeleka banda la nguruwe.

Mambo mengine yanayoharibu tumbo huku kwetu

Plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vyepesi bado vinazagaa. Ng'ombe hana uwezo wa kuchambua. Mfuko wenye chumvichumvi ya chakula anaumeza, na hautoki kamwe. Inajikusanya tumboni mpaka inakuwa mpira. Anakula kidogo, anajaa gesi mara kwa mara, anakonda huku tumbo limejaa. Misumari na nyaya nazo zinatua kwenye tumbo la pili na zinaweza kutoboa hadi kwenye moyo. Kwa hiyo usichunge kwenye majalala. Sisi wa Buhongwa tuna dampo la jiji hapa, tusifanye ndilo malisho.

Pumba zilizovunda. Pumba za mpunga zina mafuta, zikikaa muda mrefu zinachacha na kuwa chungu. Pumba na mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Msiichukulie kama stori, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa mifugo inaharibu ini, inapunguza ulaji, na kwa ng'ombe wa maziwa sumu inapita kwenye maziwa. Gunia lenye harufu ya ukungu ni mbolea, siyo chakula.

Muhogo mbichi na machipukizi ya mtama. Maganda mabichi ya muhogo mchungu na mtama mchanga uliochipua baada ya ukame vina sumu inayoua kwa dakika chache. Kausha maganda juani vizuri. Mtama uache ukue.

Minyoo ya ini. Wanaochunga mabondeni na kandokando ya ziwa, konokono wa majini wanasambaza minyoo hii. Ukiona dume limekonda, linaharisha kwa vipindi, na chini ya taya kumevimba kama kafungwa kifuko, hapo siyo hori tena. Ita mtaalamu akupe dawa sahihi kwa uzito sahihi, maana siyo kila dawa ya minyoo inaua minyoo ya ini.

Wiki tatu za mwanzo: nifanyeje?

Kwa dume la kilo 250 hivi, nawashauri hivi:

Siku 1 hadi 3: nyasi kavu na maji safi, basi. Hakuna pumba. Apumzike, azoee banda. Dawa ya minyoo apewe katika siku hizi.

Siku 4 hadi 7: mchanganyiko wa pumba na mashudu kilo 1 kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Nyasi muda wote.

Wiki ya pili: panda hadi kilo 2, halafu 3, ukiongeza kila baada ya siku mbili au tatu.

Wiki ya tatu: kilo 4, ukiangalia kinyesi. Baada ya siku 21 unaweza kufika kilo 5, na nyasi kavu zisipungue kilo 2 kwa siku. Zikiisha nyasi, punguza pumba.

Asubuhi anza na nyasi, pumba baadaye. Usibadilishe aina ya chakula ghafla hata katikati ya safari. Ukitoka pumba za mahindi kwenda za mpunga, changanya taratibu. Maji yawepo muda wote, dume linaweza kunywa lita 30 hadi 50 siku ya joto. Jiwe la chumvi liwepo. Majani mabichi kidogo yawepo pia, kwa ajili ya vitamini A. Na urea ya kuchanganya kwenye majani ya mpunga usiijaribu kwa kusoma tu mahali. Ikizidi inaua haraka, subiri tukuelekeze kwa vitendo.

Kisha kila siku fanya ukaguzi wa dakika kumi, bila kifaa chochote:

Angalia waliolala. Angalau nusu yao wawe wanacheua. Kama wamelala na midomo imetulia, kuna jambo.

Angalia kinyesi. Kiwe kama uji mzito, kikitua kinatengeneza duara. Kikiwa maji na mapovu, pumba zimezidi. Kikiwa kigumu kama cha punda, maji au mashudu hayatoshi. Kinyesi ni maabara ya bure, iko miguuni pako.

Weka ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, tulia dakika mbili. Utahisi tumbo linasukuma, mara moja au mbili kila dakika. Usipohisi kitu, toa pumba, acha nyasi, piga simu.

Andika. Daftari la shilingi mia tano linatosha: tarehe, kilo ulizotoa, nani hakula.

Nunua nyasi kabla ya ng'ombe

Namalizia na maoni yangu ambayo wengine huenda hawatayapenda.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisimama mwaka 2023, ikarejeshwa 2024, na asilimia 4 ni ya vijana. Ni fursa. Lakini andiko la mradi wa kunenepesha ninaloletewa kulisoma mara nyingi lina bei ya ng'ombe, bei ya banda, bei ya pumba na dawa. Mstari wa nyasi haupo. Kwa maoni yangu, kikundi kisichoweza kunionyesha nyasi kavu za siku 90 kwenye kichanja hakijawa tayari kununua hata dume moja. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kupitisha, ningeenda kuangalia kichanja kabla ya kuangalia andiko. Dume moja lenye nyasi za miezi mitatu ni biashara. Madume manane yenye mzigo mmoja wa baiskeli ni kamari, tena kamari ya pesa ya kukopa.

Na sisi maafisa ugani tunayo ya kwetu. Tunapenda kufundisha faida, faida, faida, kwa sababu ndiyo inayojaza ukumbi wa semina. Somo la kushika ngumi kwenye ubavu wa ng'ombe na kuchungulia kinyesi halipendezi kwenye picha. Ila ndilo linalobakiza ng'ombe hai.

Mavuno ya mpunga yakikaribia, mtafute mkulima mmoja mkubaliane kuhusu majani yake kabla hajawasha kiberiti. Ukimaliza hilo, ndipo twende mnadani.

Kazi njema.